Mishono ya Jumapili

Jumatatu asubuhi Orpha Skaggs alifika kwa akina Hargis kufua, kama kila Jumatatu, na kabla ya kuteka maji alipita sebuleni na ufagio. Chini ya blanketi la viraka lililotundikwa ukutani palikuwa na nyuzi nyeupe zilizofumuliwa, gao moja hivi, bado zina unyevu. Alizizoa, akazitia mfukoni mwa aproni. Zilikuwa za binti yake Delphia, aliyezikwa mwezi wa Mei, na ambaye tangu Julai alikuwa akija kila Jumapili saa nane mchana kufumua mishono yake kwa pua.

Katika milima ile ya Kentucky jambo hilo halina mjadala. Mshono ulioushona Jumapili utaufumua mwenyewe kwa pua ukishakufa. Watoto huambiwa hivyo kabla hawajajua kushika sindano, na Orpha alikuwa amewaambia binti zake wote wawili.

Kosa lilianza Januari, mwaka ule benki zilipofunga milango. Duka moja kubwa la Louisville lilitangaza mashindano ya blanketi la viraka. Sharti lilikuwa moja: muundo uwe mpya, wa kubuni mwenyewe, usinakiliwe popote. Bibi Vernelle Hargis aliutaka ushindi ule kama mtoto anavyotaka sukari. Kubuni hakujui, kushona hakujui, hata kifungo cha mumewe hushonwa na mpishi. Lakini alijua kwamba Delphia Skaggs, mwenye miaka ishirini na mbili, alikuwa amechora kwa mkaa, nyuma ya mfuko wa unga, kijito cha Lick Branch kikipasua barafu, kama kinavyoonekana ukiwa juu mlimani.

"Jina lako litakaa kwenye kadi, chini ya langu," Bibi Hargis alimwambia. "Kwa herufi zilezile."

Delphia aliamini. Ndivyo walivyo mabinti wenye mikono mizuri, mtu akiwasifu mshono hudhani amewasifu wao.

Fremu ya kutandazia blanketi ilining'inizwa kwa kamba kutoka darini, katika chumba cha mbele cha Bibi Hargis, na jiko la chumba kile halikuwashwa hata siku moja, maana moshi ungechafua kitambaa cheupe. Delphia alishona akiwa amevaa koti la marehemu baba yake. Mishono kumi na miwili kwa kila inchi, midogo kama punje za chumvi. Bibi Hargis alihesabu siku zilizobaki, akaona hazitoshi, akasema hata Jumapili kushonwe.

"Jumapili hapana," Orpha alisema.

"Maandiko yanaruhusu kumtoa ng'ombe shimoni hata Jumapili, Orpha."

"Ng'ombe yuko wapi, Bibi Hargis?"

"Ng'ombe ni tarehe ya mwisho."

Orpha alimtazama binti yake, akitumaini atasema kitu. Delphia alilamba ncha ya uzi, akaupitisha kwenye tundu la sindano. "Ni Jumapili kumi na nne tu, mama," alisema. "Pua ninayo."

Alimaliza kwa wakati. Siku tisa baadaye homa ya mapafu ikammaliza na yeye.

Blanketi lilirudi kutoka Louisville na utepe wa buluu na kadi: *Limebuniwa na kushonwa na Bibi Vernelle Hargis.* Chini ya hapo kadi ilikuwa tupu. Zawadi ilikuwa cherehani mpya ya miguu, na Bibi Hargis aliiweka dirishani, akaitwika chungu cha maua. Mwandishi wa gazeti alimwuliza wazo alilipata wapi. Akasema lilimjia akinywa chai.

Jumapili ya kwanza baada ya utepe Delphia aliingia kwa mlango wa jikoni, akafuta viatu, akaenda moja kwa moja ukutani. Alianzia Jumapili ya kwanza ya Februari, pembe ya chini. Pua si sindano, na mshono ule aliubana mwenyewe. Mpaka jioni alikuwa amefumua upana wa kiganja. Sehemu zilizoachiliwa zilivimba kwa pamba ya ndani, kama mashavu ya mtu mwenye jino bovu.

Bibi Hargis alilalamikia tu nyuzi zilizoangukia zulia.

Orpha akawa anakuja Jumapili pia, anakaa kwenye kiti cha jikoni kilichosogezwa mlangoni, anamtazama. Pua ya Delphia ilikuwa imechubuka nchani. Orpha alileta mafuta ya nguruwe, akampaka, na Delphia akashukuru bila kugeuka.

Agosti, Jumapili ya pili, Mchungaji Combs alialikwa kula chakula cha mchana pale, pamoja na wageni wengine watano. Meza ilikuwa hatua sita kutoka ukutani.

"Delphia," mchungaji alisalimia.

"Mchungaji. Samahani, siwezi kuinuka."

"Endelea tu, binti."

Orpha aliinuka kitini. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Ijumaa. "Mchungaji, kadi inasema kazi hii ni ya Bibi Hargis. Basi kama kazi ni yake, na pua iwe yake. Na kama pua ni ya mwanangu, jina lake liandikwe. Nataka kimoja tu. Chagueni nyinyi."

Mchungaji alitafuna kuku wake mpaka mwisho. "Utepe ni wa jina, Mama Skaggs," alisema. "Dhambi ni ya mkono."

"Umemsikia," Bibi Hargis alisema. "Mimi kwenye blanketi lile sijatia mshono hata mmoja. Si Jumapili, si siku nyingine. Mungu ni shahidi yangu."

Alilisema hilo kwa sauti safi, mbele ya wageni sita, na utepe wa buluu ukiwa nyuma ya kichwa chake. Mama mmoja akamwomba ampitishie mchuzi. Mwingine akasema kijito kile kimetokea vizuri sana, Vernelle ana jicho la kubuni.

Jumapili iliyofuata, wakati akina Hargis wakiwa kanisani, Orpha aliingia sebuleni na sindano. Siku nyingine zote Bibi Hargis hukaa mle ndani akinywa ile chai yake ya mawazo, kwa hiyo siku ilikuwa hiyo tu. Orpha alijua bei yake. Aligeuza pembe ya blanketi, akashona upande wa nyuma kwa uzi mwekundu: *Delphia Skaggs alibuni. Delphia Skaggs alishona.* Hakuwa na mkono wa binti yake. Herufi zilikwenda upande kama ua bovu, lakini zilisomeka. Alikata uzi kwa meno, akaishika pua yake kidogo, akaenda zake kuchemsha mahindi.

Bibi Hargis aliziona Jumatatu, alipolitoa blanketi ukutani kulipeleka kwenye maonyesho ya wilaya. Hakupaza sauti. Alitoka uani, Orpha alipokuwa akikamua mashuka.

"Ivalee wako ana miaka mingapi sasa?"

"Kumi na saba."

"Nasikia ana mkono kama wa dada yake. Mwambie aje kesho na kitambaa cheupe. Kuna pembe ya kufunikwa." Akanyoosha shuka moja lililojikunja kambani. "Nyumba mnayokaa ni ya Bwana Hargis, na sijawahi kulitaja hilo, Orpha. Sipendi kulitaja."

Jioni ile Orpha alimwambia Ivalee wakiwa wanakula maharagwe. Ivalee aliacha kula.

"Nishone mishono mikubwa, mama? Ikatike yenyewe?"

"Atakurudisha uirudie, tena bila moto."

"Basi nifanyeje?"

"Shona, mwanangu. Lakini mwakani atakuja na mfuko wa unga mkononi, atakuomba uchore. Kabla hujachora, kabla hujatunga uzi, andika jina lako. Uliandike Jumatatu."

Ivalee alikwenda. Mishono kumi na miwili kwa kila inchi. Bibi Hargis alimsifu, na Ivalee akaona haya, akatabasamu, na Orpha aliyekuwa dirishani na beseni la nguo zilizobaki za jana aliliona lile tabasamu.

Jumapili Delphia alikuja saa nane. Blanketi lilikuwa limerudi ukutani na utepe wa pili. Alifika kwenye ile pembe, akaigeuza, akapitisha pua juu ya kile kitambaa kipya, polepole, herufi moja baada ya nyingine, hadi mwisho. Kisha akarudi kwenye Jumapili yake ya tatu, akaendelea.

Jina lile litakaa mpaka Orpha afe, ndipo na yeye atakuja kulifumua. Kitambaa kilicholifunika kilishonwa Jumanne. Hicho hakuna wa kukifumua.