Matone ya Gundi

Bi Pindo alikaa kitandani akimsikiliza binti yake akisafisha jikoni, na kila sufuria iliyogongwa ilimpandisha roho juu. Mtaani walimbandika jina hilo kwa sababu ya sare za shule alizoshona maisha yake yote. Sketi iliyopita kwenye cherehani yake haikufumuka pindo. Sasa macho yalikuwa yamemtupa mkono. Aliona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu, basi. Daktari alishamwambia kwamba hayatarudi, naye akalifungia neno hilo kifuani.

Watoto wake walidhani ni uzee tu. Siku alipounguza mkono wa gauni kwenye jiko la gesi, mwanawe mkubwa alikuja juu, akalibeba lile jiko na kumletea maikrowevu. "Dude hili halina moto, mama. Ukiliweza, baki kwako. Ukishindwa, nakuhamishia kwangu, na hapo sitaki mjadala." Kwake ni ghorofani, kwa mkamwana anayehesabu hata vijiko. Bi Pindo alijua huko angekalishwa kwenye kochi tangu asubuhi, aulizwe tu kama anataka maji.

Na lile dude lilikuwa na uso wa kioo kitupu, bila hata kitufe kimoja cha kupapasa! Lakini fundi ni fundi. Alimwita muuza duka wa jirani amwonyeshe, akasingizia miwani imepotea, kisha akadondosha tone moja la gundi pale pa kuongeza dakika, na mawili pale pa kuzima. Gundi ikakauka, vidole vikapata pa kushika. Kidogo kidogo wakazoeana. Alijua kijiko cha chuma hakiingii humo. Alijua wali hutaka kunyunyiziwa maji, ufunikwe, kisha ukorogwe, maana dude hupasha pembeni likasahau katikati. "Haya, bwana mkubwa," alizoea kuliambia, "usinitie aibu."

Leo binti huyu, kitinda mimba wake, alikuwa ametumwa na kaka mtu kuja kupeleleza. Hakusema hivyo, ila alipofika tu aliuliza habari za maikrowevu kabla ya habari za afya.

"Mama, nimemaliza," binti aliita kutoka jikoni. "Njoo unipashie chai, hii imepoa. Nataka nione unavyolitumia."

Bi Pindo akajikaza kisabuni. Akafuata ukuta, akashika ukingo wa meza, akatia kikombe ndani na kufunga mlango. Akapeleka kidole.

Hapakuwa na kitu. Akapapasa juu, akapapasa chini. Kioo kilikuwa laini tupu na kilinukia sabuni.

Alitamani asingizie kiuno, arudi kitandani. Badala yake akabonyeza pale alipokadiria. Tii. Akabonyeza tena. Tii. Dude likaanza kunguruma, naye akashusha pumzi.

"Umeweka dakika ngapi, mama?"

"Mbili."

Bi Pindo akasikia mlango wa maikrowevu ukifunguliwa.

"Zimeandikwa ishirini," binti alisema taratibu. "Umebonyeza pa dakika kumi, mara mbili. Ziko hapa, mbele ya uso wako."

Bi Pindo akatafuta uongo, akaukosa. "Sioni, mwanangu. Nilikuwa nimeweka matone ya gundi."

"Yale? Nimeyakwangua kwa kisu." Sauti ya binti ilikatika. "Nilidhani uchafu, mama."

Hapo simu ikalia mfukoni mwa binti, na wote wawili walijua ni nani. Bi Pindo aling'ang'ania meza. Neno "usimwambie" lilimfika mdomoni, akalimeza; aliona haya kumwomba mtoto wake adanganye.

"Ndiyo, kaka," binti alisema. "Analiweza. Mimi ndiye niliyeliharibu, na nalitengeneza sasa hivi. Kuna jambo la macho yake, nitakuja kukueleza ana kwa ana, na safari hii utanisikiliza."

Akakata simu. Droo ya cherehani ikavutwa, na binti akarudi na chupa ya gundi. Akakishika kidole cha mama yake, akakiweka juu ya kioo.

"Hapa ndipo pa dakika. Lilikuwa tone moja au mawili?"

"Moja," Bi Pindo alisema, machozi yakimshuka. "Pa kuzima ndipo mawili. Na usiguse mpaka yakauke."