Mlango wa Ukumbi wa Washonaji

Wanaokuja mara ya kwanza huniuliza wavae nini. Vaa suruali, na kama huna, vaa kitenge ukifunge imara, maana miguu itapanda juu na sitaki mtu ahangaike na nguo badala ya kuhangaika na pumzi. Usile sahani nzima ya maharage saa nane kisha uje saa kumi. Njoo na mkeka wako. Viatu viache nje. Usimcheke anayeanguka, kwa sababu zamu yako haiko mbali. Hayo ni mambo madogo. Jambo kubwa ni la mlango, na hilo haliishi kwa sentensi moja. Kaa nikueleze. Ukishasikia, na bado ukataka tukae ndani tumejifungia, barabara ya kwenda Kanombe ile pale, ifuate.

Naitwa Annah. Nilizaliwa Mwanza, kwa wazazi waliokuwa wamekimbia Rwanda, na Kigali niliingia kwa mara ya kwanza Agosti mwaka huu wa 1994, nikiwa na miaka thelathini na mitatu, nikijitangaza kila mahali kwamba nimerudi nyumbani. Nimerudi mahali ambapo sikuwahi kukanyaga. Nilikuja na masanduku mawili na yoga. Yoga nilifundishwa na Mama Kusum, mke wa daktari wa meno niliyekuwa nikimpangia wagonjwa. Miaka sita nilijinyoosha sebuleni kwake, na kila siku mlango ulifungwa, kwa kuwa yeye alisema ukiachwa wazi utulivu wote unatoka. Nilimwamini kwa kila kitu, hata kwa hilo.

Ukumbi tulioupata hapa Kabeza ni chumba kirefu cha matofali ambacho kabla ya vita kilikuwa cha kikundi cha washonaji. Mabati yake yana matundu, na jua la jioni linaingia vipande vipande hadi sakafuni. Funguo alikuwa nazo Bwana Rutayisire, mtu mzima aliyekulia Uganda, aliyekabidhiwa kuangalia majengo ya mtaa yasiyo na wenyewe. Alituruhusu Jumanne na Ijumaa. Wanafunzi wangu karibu wote walikuwa watu wa kuja kama mimi, kutoka Mbarara, kutoka Bukoba, kutoka Bujumbura, na migongo ilikuwa imekwisha kwa kupandisha madumu ya maji. Wa kwanza alikuwa Shallon, mpiga chapa aliyetoka Mbarara, mwanamke wa maneno mengi na mgongo mgumu kuliko wote.

Wiki ya tatu akaja Mukarugwiza. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mrefu, na katika sisi wote ni yeye peke yake aliyekuwa Kigali muda wote, Aprili, Mei, Juni, mpaka mwisho. Mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi kupita kifua, bega lilivunjwa likaunga vibaya. Na kazi yake ilikuwa kukata vitambaa. Mkataji asiyeweza kunyoosha mkono juu ya meza hupewa vifungo na pindo za kushona kwa sindano, na ndivyo alivyokuwa akipewa. Nilipomwambia kwamba darasa linasaidia kupumzisha mwili na akili, akanikata. Alisema hakuja kupumzika, amekuja kuuchukua mkono wake.

Siku hiyo alifanya kila kitu bila kulalamika. Mwishoni nikafanya kama nilivyofundishwa: nikafunga mlango, nikawaambia walale chali, wafumbe macho, wasisogee. Nilikuwa hata sijamaliza kusema nikasikia nyayo. Mukarugwiza alifungua mlango akatoka. Hakukimbia. Alitembea peku mpaka barabarani, na ndara zake zikabaki pale kwenye kizingiti.

Unajua mimi nilisema nini? Nilisema kuna watu hawana subira. Wenzangu wakacheka kidogo. Nakueleza jambo hili kwa sababu linaniaibisha, na aibu hiyo ni haki yangu.

Kesho yake nilimpelekea ndara zake. Anakaa chumba kimoja nyuma ya duka, upande wa barabara ya uwanja wa ndege. Alinipa chai, tukazungumza habari za mvua na bei ya uzi, za darasa hakuzigusa. Nilipoinuka naye akainuka. Hapa mgeni haachwi mlangoni, anasindikizwa kipande cha njia, na niligundua kuwa yale yasiyosemeka ndani husemwa huko, mkiwa mnatembea, kila mtu akiangalia mbele. Tulipofika kwenye kona akasimama.

"Mwarimu, mwezi wa ine walitufungia murango na kule inje," alisema. "Tuliingia bengi." Akaushika mkono wake wa kulia. "Mukono naitaka. Lakini murango ikae wazi."

Akageuka akarudi kwake. Nilibaki pale kwenye kona nikijiona mjinga, mimi na sebule yangu ya Mwanza na maneno yangu ya kurudi nyumbani. Tangu Agosti nilikuwa nikimwita yeye na wenzake "waliokuwa ndani", kama vile sisi ndio wenyeji na wao ni watu wa kuelezwa. Mgeni nilikuwa mimi, na sikuwa nimeuliza kitu hata kimoja kabla ya kuingia.

Basi mlango ukakaa wazi. Mukarugwiza alitandika mkeka wake karibu na kizingiti, na wakati wa kulala chali alilala macho wazi, ameigeuzia uso barabara. Kila Ijumaa alisimama ukutani, akauinua mkono mpaka pale ulipokataa, na kwa mkono wa kushoto akachora mstari wa chaki. Mstari wa kwanza ulikuwa usawa wa kifua. Wa pili ukawa begani. Katikati ya Novemba alichora mmoja usawa wa sikio, akauangalia muda mrefu, akasema bado. Alinieleza kwamba mkono ukipita kichwa ataweza kuulaza mezani wote na kukata suti. Hakuna aliyefanya kazi katika darasa lile kama yeye, na mimi nilikuwa nimeanza kumwombea, jambo ambalo si kawaida yangu.

Hapo ndipo Bwana Rutayisire alipokuja. Alisimama nje akiangalia pembeni, mtu wa adabu, akaniita.

"Madamu, watu iko analalamika," alisema. "Wanapita hapa, wanaona wamama miguu juu. Mufunge mulango. Kama hamutaki, basi kuanzia Ijumaa ukumbi nafunga mimi."

Nilimwambia anayekerwa na miguu aangalie njia yake asije akajikwaa. Hakucheka. Nikamwomba tuweke pazia, akasema pazia linapeperuka. Nikamweleza kwamba kuna mtu mmoja hawezi kukaa mlango ukifungwa. Akauliza ni nani, sikumtajia, kwa sababu hadithi ile haikuwa yangu ya kugawa. Akasema heshima ya wengi haiwezi kuharibika kwa ajili ya mtu mmoja, na akaenda zake. Sikumwona mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Mtu mbaya ni rahisi kumtukana.

Tukakaa tukajadili. Shallon alisema waziwazi kwamba sisi ni kumi na tano, tukikosa ukumbi tumekosa wote, na kwamba huyo mama angeweza kupumzika kidogo nyumbani mpaka mambo yapoe. Wengine wakaitikia kwa kichwa. Na mimi, niliyerudi kutoka kwenye ile kona nimejaa aibu, nilisema nitakwenda kuzungumza naye. Ndiyo, nilikubali. Nilijiambia ni mpaka Januari tu.

Nilimkuta anapiga pasi ya mkaa kwa mkono wa kushoto. Nilizungumza sana. Nilizungumza habari za ukumbi, za Rutayisire, za wale kumi na wanne, za mazoezi ambayo angeweza kuyafanya peke yake chumbani. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa. Kisha akaniuliza kama nina bisibisi. Nikasema sina. Akasema haidhuru, anayo ya cherehani. Akanisindikiza mpaka kwenye kona, na safari hii njia nzima hakusema neno.

Ijumaa nilifika saa kumi kasoro robo, wanafunzi wakiwa wamesimama nje. Mukarugwiza alikuwa kwenye kizingiti, na bisibisi mkononi. Mlango wa ukumbi ule una bawaba tatu. Ya chini ilikuwa imekwishafunguka, ya katikati pia, na skrubu zake zilikuwa zimepangwa juu ya tofali. Ilibaki ya juu, na ya juu iko juu ya kichwa chake.

Shallon ndiye aliyesogea. Alisema amwachie, yeye ana mikono miwili mizima.

"Oya," alisema Mukarugwiza, yaani hapana. "Wewe shika murango isianguke."

Mkono wa kulia ukapanda. Ulipita kifua, ukapita bega, ukafika sikioni ukasimama, na mimi nikadhani ndiyo basi. Uso wake ulilowa jasho. Sikujua la kufanya, nikafanya ninalolijua: nikaanza kuhesabu pumzi kwa sauti kama darasani, vuta, moja, mbili, tatu, achia. Wote wakafuata. Kumi na wanne tumesimama barabarani tunapumua kwa pamoja, wapita njia wanatushangaa, na safari hii hatukuwa hata tumeinua mguu. Alipoachia pumzi ya nne mkono ukapita sikio. Bisibisi ikaingia kwenye skrubu. Zilikuwa nne, na kila moja ilimchukua muda wake, na hakuushusha mkono mpaka ya mwisho ilipoanguka.

Mlango ukatuangukia mikononi, mbao nzito ya zamani. Alituamuru tuuingize ndani tuulaze kama meza juu ya mapipa mawili yaliyokuwa pembeni tangu zamani. Akaupangusa kwa kitenge chake, akaupigapiga kwa kiganja kuona kama unacheza. Haukucheza.

Bwana Rutayisire alifika na kufuli tukiwa bado tunahema. Aliangalia fremu, akaangalia ndani, akauliza nani ametoa ruhusa. Nikasema ni mimi. Nilikuwa nimechelewa kulisema kwa wiki nzima na sikutaka mtu anitangulie. Akasema ukumbi si wangu, na kwa hilo alikuwa na haki. Kisha Mukarugwiza akatoka nyuma yangu, akamwamkia kwa heshima, akasimama mbele yake.

"Ukumbi ni ya washonaji," alisema. "Murango hii tuliibeba sisi kwa kichwa, kutoka kwa seremala kule Gikondo. Kumi na sita tulikuwa. Tulifanya kikao mbele ya kuinunua." Akamwangalia. "Leo nimefanya kikao tena. Wa kikundi niko mimi tu. Kikao imekubali."

Hakuna aliyepumua, hata mimi ninayelipwa kwa kuwakumbusha watu wapumue. Bwana Rutayisire aliligeuzageuza kufuli mkononi. Alikuwa mtu aliyekabidhiwa majengo yasiyo na wenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake na vumbi la mbao kwenye nywele. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini, mvua ikinyesha itakuwaje.

"Tutaroa," alisema Mukarugwiza.

Akaitikia kwa kichwa. Alitaka kuingia auone vizuri mlango ulivyolazwa juu ya mapipa, akainua mguu, na Shallon, yule yule wa kumtaka mama akapumzike nyumbani, akamwambia kama anaingia avue viatu. Hakuingia. Alitia kufuli mfukoni akaondoka, na tangu siku hiyo akipita hapa huondoa kofia.

Tulifanya darasa letu. Mwishoni nikawaambia walale chali, na macho kila mtu ayafanye anavyotaka. Mukarugwiza alilala mahali pake kwenye kizingiti, macho wazi, anaangalia barabara. Mkono wake wa kulia alikuwa ameunyoosha nyuma ya kichwa, umelala wote sakafuni, mpaka kwenye vidole.

Jumanne iliyofuata tulikuta vipande vya suti ya mtu vimekatwa juu ya mlango, na chaki imebaki pale pale. Sasa umesikia. Ukija, njoo na sweta. Hapa kuna upepo, na sina mpango wa kuuzuia.