Nukuu za Birika

Chumba cha mwisho kwenye korido ya fizikia kilikuwa cha Profesa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na sasa idara ilitaka kuweka humo mashine ya kurudufu. Mashine, alielezwa kwa heshima zote, bado inafanya kazi. Yeye alikuwa mstaafu, na mstaafu huachiwa chumba endapo tu makala zake bado zinanukuliwa na wenzake. Kwa wanafizikia mtu hapimwi kwa kimo wala kitambi. Hupimwa kwa mara ambazo wengine wamemtaja katika makala zao. Ni umbea, ila una takwimu.

Profesa hakuwa na haja na chumba chenyewe, kilichovuja masika na kuoka kiangazi. Alikitaka kwa sababu ya meza iliyokuwamo, ndefu, yenye nafasi ya watu wawili.

Mkuu wa idara, mwanafunzi wake wa zamani, alimwita wakae pamoja mbele ya kompyuta. Maskini, alikuwa amekwisha kujumlisha na kurudia, akitumaini hesabu itaona haya. Makala za Profesa zilikuwa tele, kuhusu chanzo cha ulimwengu na kutanuka kwake, lakini nukuu zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku.

"Mwalimu, hazifiki," alisema, macho yake kwenye kibodi.

Profesa alijua kilichopungua. Ilikuwa makala moja fupi ambayo kila kijana anayepima umbali wa galaksi hana budi kuinukuu. Ilieleza jinsi vumbi la angani linavyofifisha nuru, hata galaksi iliyo karibu ikaonekana iko mbali sana, na jinsi ya kuliondoa vumbi hilo katika hesabu. Ilinukuliwa kuliko makala zake nyingine zote zikikusanywa. Tatizo lilikuwa dogo tu: waandishi wake walikuwa Birika na Kobe.

Birika lilikuwa jina lake la shule ya bweni. Akizama katika hesabu, pua yake ilipiga mluzi mwembamba, nao ulipanda kadiri swali lilivyokuwa gumu. Saa za kujisomea darasa zima lilimsikiliza kama taarifa ya habari. Mluzi ukikatika ghafla, jibu limepatikana, na shingo zote hurefuka kuelekea daftari lake. Kobe alikuwa msichana wa dawati la mbele, wa mwisho kufika kila mahali na wa kwanza kufika kwenye jibu. Wakaenda chuo kimoja, wakagawana meza ile ile ndefu. Msimamizi wao aliposema kimakala cha watoto wawili hakitasomwa na mtu, wao wakakitia majina ya bweni, wakakituma, wakangoja kukemewa. Mhariri hakukemea. Alikichapa. Huenda alidhani ni majina ya koo zenye heshima zake.

Baadaye Kobe alipata kazi chuo cha mbali. Hawakugombana. Kila mmoja alingoja mwenziwe aandike kwanza, na wote wawili walikuwa hodari wa kungoja. Kabla ya kustaafu, Kobe aliliandikia jarida akadai nusu yake bila haya. Profesa hakuthubutu. Alikwisha kuanza kuvaa miwani ya kamba, na mwenye miwani ya kamba hasimami mbele za watu akasema, mimi ni Birika.

Siku hiyo alisema. Alisema kama mtu anayemtajia daktari ugonjwa wa sehemu isiyotajika.

Mkuu wa idara hakucheka, akaonyesha alilelewa vizuri. Alieleza kwamba kamati haitapokea neno tupu na kwamba mwandishi wa pili lazima athibitishe. Akampigia Kobe hapo hapo, sauti ya simu ikiwa wazi. Iliita mpaka ikakaribia kukata tamaa.

Sauti iliyopokea ilikuwa imezeeka, lakini haikuwa na haraka, vilevile kama zamani. Mkuu akaeleza habari ya chumba, akauliza huyo Birika ni nani hasa. Profesa alikuwa ametayarisha salamu, nazo zikamkwama. Aanze wapi, baada ya miaka yote ile? Akafikiri. Akafikiri sana.

"Ngoja kwanza," alisema Kobe. "Huo mluzi unatoka wapi?"

Mkuu wa idara aligeuka. Mluzi ule aliusikia miaka yote ya masomo yake, akidhani ni bomba la maji ukutani.

"Kwa Mwalimu," alijibu polepole. "Puani."

"Basi ndiye. Birika, punguza moto, utafoka."

"Kobe," alisema Profesa, "umechelewa kupokea."

"Na wewe kupiga. Mimi angalau jina langu linanitetea."

Kamati ilikubali. Programu ya kuhesabu, hata hivyo, ikiunganisha majina mawili ya mwandishi mmoja, hubakiza lile lenye nukuu nyingi. Hivyo kazi za maisha yote ya Profesa zilihamia kwa Birika, na fundi, akifuata maandishi ya kamati, akabandika mlangoni kibao: PROFESA BIRIKA. Mkuu wa idara alitaka kukibadilisha. Profesa akakataa kata kata.

Kobe alisema atakuja kuiona meza, kwa mwendo wake. Profesa akachukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi kwenye ile nusu nyingine, akiwaza atamkalisha wapi na watazungumza nini kwanza. Nje, mfanyakazi mgeni alisimama koridoni, akatega sikio, kisha akaenda kumtafuta fundi bomba.