Kulia kwa Nani

Mume wangu alifanya kazi chumba cha chini, mimi cha juu, na kati yetu kulikuwa na sakafu ya zege yenye tundu la kupitishia nyaya. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu visulisuli. Si vile vya vumbi. Hivi vilitokea ndani ya utando wa atomu uliopozwa kwa leza hadi ukashinda baridi yoyote ya duniani, mwembamba kiasi kwamba unene wake haufai hata kutajwa. Ukiukoroga unajaa vishimo vidogo, kila kimoja kikizunguka, kingine kulia, kingine kushoto. Kamera yangu ya juu iliona nusu tu ya utando, maana nguzo ya sumaku iliikinga nusu ya pili. Hiyo aliisoma yeye kwa kamera ya chini.

Sasa, feni ya darini ukiitazama ukiwa umelala chali inazunguka upande mmoja. Ungepanda ukaitazama kutoka juu ungeapa imegeuza. Hilo tulilijua hata usingizini. Kwa miaka tisa alipaza sauti kupitia tundu, "Kulia," nami nikaandika kushoto. Hatukukosea hata siku moja, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshazoea kugeuza, kichwa hakikuhusika.

Kisha kiwanda cha majokofu cha mji wa mbali kikamwita. Yeye alitaka kwenda, mimi sikutaka, tukanuniana. Nami nikinuna, nanuna kweli; mama alikuwa akisema nilizaliwa nimemkunjia uso mkunga. Miezi mitatu hatukusemezana, nyumbani wala kazini. Badala ya kupaza sauti akawa anaandika hesabu yake kwenye karatasi, anaikunja na kuipenyeza tunduni kwa waya. Nami nikainakili daftarini kama ilivyo, bila kusoma neno jingine lolote aliloandika.

Ndipo maajabu yakaonekana. Visulisuli vya nusu yangu vyote vilikwenda kulia, vya nusu yake vyote kushoto. Mkuu wa maabara, mama mmoja tuliyemwita Bibi Barafu naye akijua, alikuwa amelitafuta jambo hilo tangu ujana wake: kwamba vurugu ndani ya kimiminika bapa haivunjikivunjiki, bali kila kisulisuli hujiunga na wenzake wa upande wake mpaka zinabaki kambi mbili. Maabara ilikuwa imepangiwa kufungwa. Sasa akaambiwa kufungwa kungoje kwanza, akayatangaze matokeo kwenye mkutano mkuu. Mume wangu akakiandikia kiwanda kwamba haendi tena. Jioni ile tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Wao walifurahia kambi mbili. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, mume wangu asiondoke, na nilikuwa nimekipata.

Wiki moja kabla ya mkutano, Bibi Barafu akaniagiza nichore picha upya kutoka kwenye karatasi za mwanzo. Nikazikunjua zile za mume wangu. Juu ya kila karatasi, kwa mwandiko wake wa kujipinda, aliandika: "Kama nilivyoona. Geuza."

Yeye hakugeuza, kwa kuwa kugeuza siku zote kulikuwa kwangu. Mimi sikugeuza, kwa kuwa nilidhani anayeandika ameshageuza mwenyewe, na kwa kuwa nilikuwa na hasira. Nikaigeuza nusu yake. Vyote vikaenda upande mmoja. Kambi hazikuwepo, utando wote ulikuwa ukizunguka tu, kama chai iliyokorogwa kwa kijiko, jambo lililojulikana kabla hatujazaliwa.

Nikashuka kumwambia. Akaniuliza kwa nini sikumuuliza. Nikamjibu kwamba tulikuwa hatusemezani. Tulipokuwa tukipanda ngazi kwenda kwa Bibi Barafu alinishika mkono, akasema hata wakifunga tutatafuta kazi hapa hapa, hatakwenda popote. Zile karatasi nilikuwa nimeziacha mezani kwangu.

Bibi Barafu akataka turudie mbele yake. Mitambo ikawashwa. Sauti ya mume wangu ikapanda tunduni, "Kushoto," na tena "Kushoto," nami nikaandika kulia, kulia, hadi ukurasa ukajaa. Yule mama akavua miwani. Hakulia. Mume wangu alipopanda, Bibi Barafu akauliza polepole, "Nani alitakiwa kugeuza?"

Mume wangu alinitazama. Hakuwa na wasiwasi wowote, alikuwa akinisubiri tu. Nami nikaona aibu, nikaona jina langu likichafuka, nikaona uso wa yule mama.

"Yeye," nikasema.

Hakukana. Aliinamisha kichwa, akamwomba Bibi Barafu radhi kwa makosa yangu, kisha akashuka kuzima mitambo. Maabara ilifungwa mwisho wa mwezi. Kiwanda bado kilikuwa na nafasi.

Siku ya kuondoka alikunja nguo zake vizuri, akanionyesha ulipo ufunguo wa stoo. Nilisimama mlangoni nikiwa na sentensi moja mdomoni, fupi, ya kweli, ambayo ingetosha kuitamka pale au popote.

Nikamuuliza kama amechukua koti.

Akasema ndiyo.