Dola Elfu Nne kwa Jina la Brandalise

...na kama dalali wa mnunuzi angetaka kujitoa angeshaandika, hakuandika, basi bado anataka, dola elfu nne kwa jina la tovuti ambalo Mirta alilinunua kwa bei ya kilo mbili za nyama, aliwaza, kibuyu cha chai ya yerba mkono mmoja, simu mkono wa pili chini ya meza, usijibu haraka, anayejibu haraka ameonyesha njaa, lakini anayechelewa mno naye... "Mirta, hicho si kipaza sauti, kunywa upitishe," mama mkwe akasema, meza nzima ikacheka, naye akacheka nao, akavuta funda moja chungu, jicho likirudi kwenye simu, kwenye ujumbe wa mwisho wa dalali, mteja wangu anataka jibu leo, mteja gani huyo, labda kampuni kubwa ya Buenos Aires, tajiri asiyejua pa kutupa pesa, tangu juzi alijiliwaza hivyo, maana nani mwingine angeitaka alfajoresbrandalise.com, nani, ila... hapana, Anselmo hana pesa, shemeji yake Anselmo anaoka alfajores, biskuti za kujazwa maziwa matamu, kwenye tanuri la marehemu baba yake, mzee Brandalise, na kusahau mengine yote, ndivyo alivyosahau kulipia jina la duka miaka mitatu iliyopita, na Mirta, ambaye kila asubuhi hupitia orodha ya majina ya tovuti yaliyokwisha muda, akaliona limeachwa, akalichukua, nitamrudishia Jumapili, alijiambia, Jumapili ikapita, ikaja nyingine, jina likawa moja tu kati ya majina yake mia mbili yanayosubiri mnunuzi... "Nauza gari," Anselmo alikuwa akisema, "lile la kusambazia mzigo, nimeshamwambia dalali, huyo mwizi apewe elfu nne zake tuachane," kumbe mteja ndiye huyu, Mirta akawaza, "Gari? Utasambaza kwa kutumia nini sasa, kwa baiskeli?" mama mkwe akauliza, "Kwa baiskeli, mama, hata kwa punda, mradi jina la baba lirudi," na mama mkwe akatikisa kichwa, mwizi huyo hakulelewa, akasema, Mirta akatamani ardhi ipasuke immeze, amrudishie bure, sasa hivi, ni kubonyeza mara mbili tu, lakini bure kutoka kwa nani, watauliza, watauliza tangu lini, na miaka mitatu huwezi kuieleza kwa kusema nilipitiwa, kumbe njia pekee ya kubaki kwenye meza hii ni kuzipokea pesa za gari lile, halafu kila Jumapili kula alfajores za mtu uliyemuuzia jina lake mwenyewe... "Shemeji, wewe ndiye mjuzi wa haya mambo," Anselmo alikuwa amemgeukia, macho mekundu kwa kukosa usingizi, "nilipe, nisilipe?" Mirta akajiambia, sema usilipe, sema subiri, sema lolote, na wasiwasi ukausukuma ulimi kabla ya akili, "Mpe mia mbili tu," akasema, "atakubali." Anselmo akamtazama, hasira bado haijamjia. "Umejuaje kama atakubali?" Kibuyu kilikuwa kimepoa mkononi, na Mirta, aliyeuweka uongo tayari miaka yote mitatu, akaona hana hamu nao tena.