Picha Isiyo na Chenga

Karavani za watu wengine, zile nyumba za kukokotwa na gari, ziliegeshwa juu ya ukingo wa mto, kivulini. Ya Athol na Dulcie peke yake ilikuwa chini, katikati ya mto mkavu, magurudumu yamezama kidogo mchangani. Tangu asubuhi Athol alikuwa amehangaika kule juu ukingoni akizungusha antena na kuuliza, "Vipi sasa?" na mkewe akimjibu kutoka ndani, "Chenga tupu!" Vilima vilikuwa vimeuziba mnara wa runinga wa mjini. Pengo lilikuwa moja tu, pale mto ulipopenya. Ndipo akaivuta nyumba yao mpaka mchangani, akainua antena, na picha ikatoka safi kama maji ya mtungini.

Jirani yao Ern, mzee aliyesafiri na mbwa wake, aliwachungulia kutoka ukingoni.

"We Athol! Kitandani mwa mto hulala samaki, siyo watu."

"Samaki gani, bwana? Hapa hata chura alishahama. Sema una wivu, unataka kuja kutazama fainali."

"Hiyo fainali itakufikisha baharini."

"Nikifika nitakutumia kadi!"

Wakacheka wote wawili. Dulcie hakucheka.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na siku ile mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Lakini katika nchi ile ya mito mikavu mvua huwanyeshea wengine, maji yakaja kwako. Dulcie alitazama mkaratusi uliokuwa mbele yao, tawi lake moja limeinama chini juu ya mchanga. Sisimizi walikuwa wakiupanda kwa msururu, kila mmoja na yai lake jeupe. Kasuku waliopiga kelele kutwa walikuwa wamenyamaza.

Mapumziko ya mchezo yalipofika, ikasomwa taarifa: mvua kubwa kaskazini, mito imefura, walio karibu nayo wahamie juu. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba ng'ombe waliokufa walionekana mpaka pembe.

"Umeona, mume wangu? Tupande."

"Kaskazini ni mbali, mama. Maji hayo yatafika keshokutwa. Kaa unywe chai."

"Tutazame juu hata kwa chenga."

"Chenga! Mwaka mzima nangoja, nitazame chenga?" Akaongeza sauti ya runinga. Uwanja mzima ukanguruma ndani ya karavani.

Dulcie akatoka mlangoni. Upepo mkavu ulimletea harufu ya udongo uliolowa. Akasimama. Moyoni akasema, Bwana, mtu huyu ni mbishi lakini ni wangu, niongoze.

Watu wa karavani wana desturi: antena ikiwa juu, funguo za gari huning'inizwa kwenye mkono wa chuma wa kuiinulia na kuishushia, ili mtu asiondoke akasahau, akaivunja kwenye matawi. Dulcie akarudi ndani, akashika mkono ule darini, akazungusha.

Picha ikakatika. Chenga zikajaa.

"Dulcie! Una wazimu? Tumebakiza bao moja!"

Aliishusha antena mpaka ikalala, akauchomoa ule mkono pamoja na funguo, akatoka mbio, ameinua sketi yake kwa mkono, kuelekea ukingoni.

"Lete hicho! We mwanamke, nitakufuata!"

"Nifuate," alisema Dulcie, pumzi zikimwishia.

Akamfuata kwa soksi, akitukana, akiteleza kwenye changarawe. Ern akamshika Dulcie mkono akamvuta juu. Athol alikuwa bado katikati ya mteremko alipokoma ghafla. Runinga ilikuwa mbali naye sasa, tena imebaki chenga, lakini mngurumo kama wa uwanja ulisikika bado. Ulikuwa ukizidi, tena ulitoka kwenye kona ya mto.

"Panda, mjinga wewe!" alipiga kelele Ern. Mbwa alikuwa anabweka.

Athol akapanda kwa mikono na magoti. Maji yalikuja ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo, hayakuwa na haraka wala huruma. Yaliinyanyua karavani kwa upande mmoja, kisha kwa upande wa pili, yakaigeuza pamoja na gari lake. Dirishani chenga zilikuwa bado zinameremeta.

Athol akamgeukia mkewe. "Antena," alinong'ona. "Uliishusha?"

"Niliishusha."

Karavani ikapita chini ya tawi la mkaratusi bila kuligusa, ikaelekea kule pengoni.