Babu Aliyerukwa

Mzee Hared hakuwa na imani na nyumba aliyoilinda. Aliketi langoni pake, kule Kanamkemer, mjini Lodwar, juu ya kiti cha kamba, bakora mapajani na tasbihi mkononi, na kila kilichoingia alikipekua: mfuko wa unga, bunda la nyuzi, hata sufuria ya maharagwe. Alipoajiriwa aliambiwa kuwa ni nyumba ya washonaji. Na kweli walishona. Watoto wengi wa Lodwar walivaa sare zilizotoka mle ndani. Lakini haukupita muda, watu wa msikitini wakamnong'oneza kwamba kikundi kile, Kivuli kwa jina, kilikuwa kikiwahifadhi wanaume wapendao wanaume, wanawake wapendao wanawake, na wale waliozaliwa wakaitwa wavulana ilhali nafsi zao zikijijua kuwa za kike.

Mzee alirudi kitini pake akiwa ameazimia kuiacha kazi mara tu atakapoliona ovu lenyewe. Akatazama. Aliwaona wakipima viuno vya wanafunzi mbele ya mama zao. Aliwaona wakigombania zamu ya kuteka maji, na wakimbeba mgonjwa wao hadi kwenye bodaboda. Ovu hakuliona. Hilo nalo likamzidishia shaka, kwani tangu utotoni alifundishwa kuliogopa zaidi lile lililojificha.

"Mzee, leo umepata bomu?" Epuyo, mkataji vitambaa, alikuwa na mazoea ya kumtania kila alipopekuliwa.

"Nimepata nyanya mbovu. Mrudishie aliyekuuzia, na umwambie una macho."

Kisha aliletwa Filsan kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mkono mmoja ukining'inia katika kitambaa, baada ya watu kumvunjia kibanda chake kambini. Mzee alimuuliza swali ambalo Msomali humuuliza Msomali mwenziwe. Hakumuuliza yeye ni nani. Alimuuliza ni wa nani. Naye akayataja majina ya mababu bila kupumua, kama afundishwavyo mtoto wa Kisomali kabla hajaweza kufunga ukanda wa kiatu: "Filsan wa Samatar, Samatar wa Guled, Guled wa Diriye, Diriye wa Wehliye, Wehliye wa Robleh," akaendelea hadi pale ambapo majina huwa milima na visima. Mzee alitambua kwamba kichwani mwa mlolongo ule, mahali ambapo baba aliweka jina la mvulana, mwana ameweka jina la msichana. Akaupekua mfuko wake kama wa wengine, akampisha. Lakini nasaba ikishamwingia mtu kama yeye masikioni, haitoki.

Namuria, Mturkana aliyekiongoza kikundi, alimwambia jambo moja tu siku ile. "Huyu, mzee, ndugu zake wameapa kumchukua. Wanataka kumvusha mpaka, wamfunge kwa nyororo hadi akubali kuwa mwanamume. Rafiki yake alichukuliwa hivyo mwaka jana. Hatujasikia habari yake tena."

Basi ikafika Ijumaa moja ambayo homa ilimzuia Mzee Hared kwenda msikitini. Kila Ijumaa, muda wa swala, lango lilikuwa likibaki na Epuyo, ambaye angemfungulia hata fisi akimwita kwa jina. Siku ile mzee alikuwa amejikunja kitini ndani ya shuka, akipambana na baridi ya homa katikati ya jua la Turkana, adhana ikisikika kwa mbali, wakati gari jeupe liliposimama. Alishuka kijana nadhifu, kitambulisho kikining'inia shingoni. Alipomwona mzee wa Kisomali langoni, mguu wake ulisita hewani kabla ya kukanyaga chini.

Mzee aliuona ule mguu.

"Asalaam aleikum, adeer," akasema kijana, akimwita ami, kama adabu ya Wasomali iamuruvyo. "Naitwa Zubeyr. Natoka ofisi ya wahisani, Kakuma. Nina habari njema za Filsan."

Namuria aliitwa. Zubeyr akaeleza kwa upole kwamba zamu ya Filsan ya kuhojiwa kwa safari ya ughaibuni imewadia, kwamba mahojiano ni kesho asubuhi, na kwamba ametumwa amchukue sasa hivi. Aliijua siku ambayo kibanda kilivunjwa. Aliujua mkono uliovunjika, na zahanati iliyoufunga. Namuria alipiga simu ofisini. Ikaita, ikaita, ikanyamaza.

"Wako kwenye mkutano," akasema Zubeyr. "Ijumaa huwa hivyo."

Ndani ya nyumba palisikika kelele za furaha. Filsan alikuwa akikunja nguo, Epuyo akiimba kumuuliza atamwachia nani cherehani yake. Namuria alifuta machozi kwa ncha ya leso. Mzee akawatazama wote, na kwa kitambo alimshuku hata Namuria: je, hajapokea kitu? Mbona anaamini upesi hivi? Akakumbuka kwamba katika chuo cha Kurani alifundishwa kuwa dhana nyingine ni dhambi. Akakumbuka pia kwamba hakuna mwalimu aliyemwonyesha dhana zipi si dhambi, azitumie langoni. Ule mguu uliosita ulikuwa bado machoni pake. Nani alimwambia mgeni huyu kwamba saa hii lango halina mzee? Moyoni alikuwa na ubeti alioutunga mwenyewe zamani, akiendesha lori njia ya Lokichar:

*Moyo wangu mwenye shaka, kesha macho, usichoke;*
*na ajaye akicheka, tazama ya nyuma yake.*

"Msafiri hapiti lango langu mkavu," akasema. "Kaa unywe chai, binti anafunga mizigo."

"Adeer, gari linasubiri."

"Gari halina kiu. Kaa."

Kijana hakuwa na la kufanya. Kukataa chai ya mzee ni kujitangaza kuwa una la kuficha. Mzee akamimina chai yenye iliki na tangawizi. Wakaongea Kiswahili kwa heshima ya Namuria aliyeketi nao.

"Wewe ni wa nani, mwanangu?"

Zubeyr alitaja ukoo wa Garissa, mbali kabisa na wa Filsan. "Huyu binti simjui yeye wala watu wake, adeer. Kwangu ni kazi tu."

"Vizuri. Mimi watu wake nawajua." Mzee alipuliza chai yake taratibu. "Namuria, nawe usikie, usije ukadhani tumekuletea mtoto wa jalalani. Filsan ni wa Samatar. Samatar ni wa Guled. Guled ni wa Diriye. Diriye ni wa Robleh, na Robleh..."

"Wa Wehliye," akasema Zubeyr.

"Nini?"

"Diriye ni wa Wehliye. Wehliye ndiye wa Robleh."

"Hapana, bwana. Huyo Wehliye simsikii popote. Labda alikuwa mchungaji wao."

"Mchungaji!" Kikombe kiligonga kisahani. "Wehliye ndiye aliyechimba kisima ambacho ukoo mzima..."

Akauma ulimi. Nzi walisikika juu ya sukari. Damu ilimpanda kijana usoni, kisha ikashuka yote.

Namuria aliinuka taratibu. Hakuijua nasaba ya Kisomali, lakini alikuwa binti wa wafugaji. "Kwetu," akasema, "mtu anaweza kuficha jina lake. Ukitukana fahali wa baba yake, hawezi kunyamaza." Akaigeukia nyumba na kupaza sauti: "Filsan! Usitoke! Epuyo, funga mlango!"

Wimbo wa ndani ukakatika.

"Wewe ni nani wake?" akauliza mzee.

"Mwana wa ami yake. Nimekulia Nairobi, hajawahi kuniona." Zubeyr hakuficha tena. Aligeukia Kisomali, kisha akarudi kwenye Kiswahili kana kwamba anataka nyumba nzima isikie. "Na wewe, adeer, huoni haya? Ndevu hizi, tasbihi hii, unalinda nyumba kama hii? Nikiyasema haya msikitini watakusogezea nafasi kwenye safu?"

"Naona haya," akajibu Mzee Hared. "Naona haya kwamba nimekunywesha chai na uongo ungali mdomoni mwako. Mwenye haki hupiga hodi kwa jina la baba yake. Wewe umemkana babu mzima langoni pangu, ukashindwa hata kumkana vizuri."

"Tutarudi. Na wazee."

"Mje na wazee. Chai ipo."

Gari jeupe liliondoka likirusha vumbi. Mzee akaimwaga chai iliyobaki kikombeni mwa kijana.

Nyumba ilikuwa imeshajulikana. Hilo halikuhitaji mjadala. Kabla ya alasiri Namuria alikuwa amepata gari la rafiki. Filsan alitoka na mfuko ule ule aliokuwa ameufunga kwa furaha, sasa ameushika kama mtu abebaye jiwe.

"Mzee," akasema Namuria, akimsogelea sikioni, "tunampeleka kule..."

"Nyamaza!"

Namuria alirudi nyuma. Machungu yalimjaa usoni. "Baada ya haya yote, mzee, bado hutuamini?"

"Sijiamini mimi. Umeona leo mtu alivyovuliwa kama samaki kwa jina la babu yake? Hao wazee watakuja. Watanikalisha kwenye jamvi, watanipa heshima, watanitajia babu zangu. Mimi ni Msomali, mama. Nisichokijua hakiwezi kunitoka."

Filsan alikuwa amesimama mbele yake. "Adeer, kabla sijaondoka... nitajie tena. Ukianza na mimi."

Mzee aliiweka tasbihi mapajani. Shaka yake yote ilikuwa bado mahali pake. Hakuna hata moja iliyojibiwa na mchana ule, na maswali aliyokuwa nayo kwa Mola wake angeyapeleka mwenyewe kwenye mswala. Lakini nasaba si mali ya mzee hata amnyime mtu.

"Filsan wa Samatar," akasema. "Samatar wa Guled. Guled wa Diriye. Diriye wa Wehliye, mchimba kisima." Akaendelea hadi mwisho bila kumruka mtu.

Kisha akakigeuza kiti chake, mgongo barabarani, uso ukutani. Injini iliponguruma nje ya lango, alipaza sauti kwa nyiradi zake, mara nyingi, kwa nguvu zote alizoachiwa na homa, asije akasikia kama gari limekata kuelekea ziwani au limeshika njia nyingine.